Mtaa wa maduka katikati ya jiji: namna ya kujua unapanda au unashuka kabla hujasaini mkataba wa fremu

MpimaFremu · #1

Wakuu, mjadala wa mitaa ya maduka humu huendeshwa kwa macho. Mtu akiona njia imejaa watu anasema biashara ipo. Akiona fremu tatu zina makufuli anasema pamekwisha. Yote mawili hudanganya. Tuweke hapa vipimo, wenye kuvijua waongezee. Habari za shemeji ya mtu aliyefungua duka akafilisika zina nyuzi zake.

Msimamo wangu ni huu: mtaa huanza kufa watu wakiwa bado wamejaa, pale kodi ya pango inapowashinda wauzaji wa aina nyingi wakabaki wa aina mbili tatu.

Kipimo cha kwanza nakiita gharama ya kukaa. Jumlisha kodi ya pango ya mwaka mzima, gharama za huduma za jengo (ulinzi, usafi, lifti, jenereta) na tozo za serikali ya mtaa zinazomwangukia mpangaji. Gawa kwa mauzo ya mwaka. Supamaketi ikivuka asilimia 3 au 4 inaanza kuhema, maana faida yake ghafi ni nyembamba. Vifaa vya umeme navyo viko hukohuko chini. Nguo na viatu hubeba 10 hadi 15. Vito na vipodozi vinaweza kwenda juu ya hapo. Ni makadirio ya kazi tu, lakini yanaeleza kwa nini mitaa yote hubadilika kwa mpangilio uleule. Kodi ikipanda, wa kwanza kuondoka ni fanicha, vitabu, vifaa vya ujenzi na vyombo vya nyumbani, kwa kuwa mali yao inakula nafasi na inazunguka polepole. Nafasi zao zinachukuliwa na viatu, kava za simu na manukato. Fremu zimejaa, mtaa unawaka taa, wenye majengo wanafurahi. Ila mteja aliyekuwa na shida tatu za kumalizia hapo sasa ana moja, na hiyo moja anaipata karibu na kwake.

Kwa hiyo anayetaka kujua mwelekeo asihesabu fremu tupu peke yake. Aandike orodha ya aina za biashara kwenye mita 200 za mtaa, arudie baada ya miezi sita. Aina zikipungua wakati fremu zimejaa, hiyo ndiyo dalili ya mapema kuliko zote.

Karani_wa_Kona · #2

Naongezea upande wa kuhesabu watu, maana ndiko wengi wanakoharibu.

Simama sehemu moja, chora mstari wa kufikirika kutoka ukuta wa duka hadi ukingo wa barabara, hesabu kila anayeuvuka kwa pande zote mbili kwa dakika 10, zidisha kwa 6. Fanya hivyo asubuhi, saa sita na nusu mchana, saa kumi na moja jioni na saa moja usiku. Siku ziwe tatu: moja ya katikati ya wiki, Ijumaa na Jumamosi. Rudia katika wiki ya mishahara na katika wiki ya ukame wa pesa. Mvua ikinyesha andika pembeni, usiichanganye na siku kavu. Wiki ya sikukuu iache kabisa.

Hesabu upande wako wa barabara TU. Upande wa pili ni mtaa mwingine. Kituo cha basi, kivuko na hata kivuli cha mchana vinaweza kufanya upande mmoja uwe na watu mara mbili ya mwenzake, na dalali atakupa takwimu ya pande zote mbili kwa pamoja.

Halafu kuna kipimo ambacho karibu hakuna anayekifanya: katika kila watu 100 wanaotoka nje ya eneo kurudi kituoni, wangapi wamebeba mifuko ya manunuzi? Kundi la saa mbili asubuhi linawahi kazini, halitazami dirisha. Wanaosubiri basi wamesimama mbele ya fremu yako na kuiziba. Njia yenye watu 2,000 kwa saa bila mifuko ni korido.

Ukishapata namba, mnyororo ni huu: wapita njia × wanaoingia × wanaonunua × wastani wa risiti. Mfano wa hesabu: watu 1,000 kwa saa, saa 9, ni 9,000. Asilimia 3 wakiingia ni 270. Asilimia 20 ya hao wakinunua ni risiti 54 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni risiti 1,404. Kama biashara yako inabeba gharama ya kukaa ya asilimia 12 ya mauzo, basi uwezo wako ni thamani ya risiti 168 kwa mwezi, huduma na tozo zikiwemo. Zidisha 168 kwa wastani wa risiti yako. Kodi wanayotaka ikizidi hapo, umati wote ule nje haukusaidii.

Dirisha Kubwa · #3

Mkuu Karani, hiyo asilimia 3 ya wanaoingia umeitoa wapi? Inatofautiana sana.

Karani_wa_Kona · #4

Inatofautiana kweli, ndiyo maana nimesema mfano. Simama mbele ya duka linalouza bidhaa kama zako mtaa huohuo, hesabu wanaopita na wanaoingia kwa dakika 30, kisha hesabu wanaotoka na mfuko. Unapata namba zote mbili bila kumuuliza mtu. Ukitegemea kihesabio cha mlangoni, kumbuka kinahesabu wafanyakazi, watoto na aliyetoka kupokea simu akarudi. Linganisha na hesabu ya mkono kwa saa moja, upate kiasi cha kupunguza.

HatiNaMita · #5

Kwenye kodi kwa mita ya mraba kuna mtego. Mita zote za fremu hazilingani thamani. Wathamini wa Uingereza wana njia ya kanda ambayo inafaa kuiiga popote: mita 6.1 za kwanza kutoka dirishani (futi 20) ni ukanda A na zinahesabiwa kamili. Mita 6.1 zinazofuata ni ukanda B, nusu. Zinazofuata tena, ukanda C, robo. Ghorofa ya juu mara nyingi hupewa sehemu ya kumi.

Chukua fremu mbili zenye mita za mraba 91.5 kila moja. Ya kwanza ina upana wa mita 5 na kina cha 18.3: A ni 30.5, B ni 15.25, C ni 7.63. Jumla ni sawa na mita 53.4 za ukanda A. Ya pili ina upana wa mita 10 na kina cha 9.15: A ni 61, B ni 15.25. Jumla 76.25. Eneo ni lilelile, lakini ya pili ina thamani zaidi kwa karibu asilimia 43. Ukilipa bei moja kwa mita, yule wa fremu nyembamba anamfadhili mwenzake.

Fremu ya kona huongezwa kidogo kwa sababu ya dirisha la pili, lakini angalia kama dirisha hilo linatazama watu au linatazama maegesho ya pikipiki. Nguzo iliyosimama katikati ya dirisha, ngazi mbili za kupanda mlangoni, dari chini ya mita 2.7: kila kimoja kiwe hoja ya kupunguziwa.

mpita_njia · #6

Swali la mtu asiye wa fani. Kama biashara ni mbaya, kwa nini mwenye jengo aache fremu tupu mwaka mzima badala ya kushusha kodi? Si hasara tupu?

HatiNaMita · #7

Ni swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Jibu liko benki.

Jengo la biashara huthaminiwa kwa kodi inayoingiza. Tuseme kodi ni 100 kwa mwaka na soko linadai marejesho ya asilimia 5. Thamani ni 100 gawa kwa 0.05, yaani 2,000. Mwenye jengo amekopa asilimia 60, yaani 1,200, na mkataba wa mkopo unasema deni lisivuke, tuseme, asilimia 75 ya thamani. Akishusha kodi hadi 70, thamani inakuwa 1,400 na deni ni asilimia 86. Sharti limevunjika. Na mtaa ukionekana wa hatari, soko litadai asilimia 6.5 badala ya 5: 70 gawa kwa 0.065 ni 1,077. Deni limepita jengo. Fremu ikiwa tupu, mthamini anaweza kuendelea kuandika "kodi inayotarajiwa 100". Tupu inamlinda kuliko ya bei nafuu, angalau kwa muda.

Ndiyo maana punguzo hutolewa kwa mlango wa nyuma. Kodi kwenye karatasi inabaki 100, mpangaji anapewa miezi 12 ya bure katika mkataba wa miaka 5. Halisi analipa 400 kwa miaka 5, yaani 80. Mpangaji wa fremu ya jirani anaonyeshwa ile 100 kama ushahidi wa bei ya mtaa. Ukisikia bei ya mtaa, uliza kwanza miezi ya bure ilikuwa mingapi na nani alilipia umaliziaji wa ndani.

Na hali ikizidi, mwenye jengo anarudisha funguo benki. Juni 2023 wamiliki wa San Francisco Centre, jengo kubwa la maduka katikati ya San Francisco, waliacha kulipa mkopo wa dola milioni 558. Agosti mwaka huohuo duka lake kuu, Nordstrom, likafunga. Wafanyakazi wa ofisi za jirani walikuwa wamehamia kufanya kazi nyumbani, na mtaa ule ulikuwa umejengwa juu ya mchana wao.

MpimaFremu · #8

Hapo HatiNaMita umegusa jambo ambalo mitaa mingi inajifunza sasa. Mtaa unaokula kwa wafanyakazi wa ofisi pekee una saa mbili za mauzo kwa siku, siku tano kwa wiki. Ofisi zikija siku tatu, umepoteza asilimia 40 ya siku zako za kazi wakati kodi haijashuka hata senti. Kwenye hesabu ya Karani, tenganisha mauzo ya saa sita hadi saa nane mchana na mauzo mengine. Yakizidi nusu, una mteja mmoja tu mkubwa na hana mkataba na wewe.

Kufuli la Shaba · #9

Nipingane kidogo na wanaodhani fremu iliyokodishwa ni dalili njema. Oxford Street ya London ni somo. Ni mtaa wa karibu kilomita 2, una duka kuu la Selfridges tangu 1909. Miaka ya janga la korona, maduka makubwa yalipofunga, zikajitokeza fremu za kuuza peremende za Kimarekani, zikafika kama 30 hivi kufikia 2022. Mtu anajiuliza peremende zinalipaje kodi ya pale?

Kanuni ndiyo jibu. Uingereza kuna tozo ya majengo ya biashara. Duka likiwa tupu, mwenye jengo anasamehewa kwa miezi mitatu, kisha tozo kamili inamrudia yeye. Akipata mpangaji yeyote, hata wa kodi ya kutupa, mzigo wa tozo unahamia kwa mpangaji. Baadhi ya kampuni hizo zilidaiwa tozo na hazikulipa. Zikivunjwa inaibuka nyingine kwenye fremu ileile. Halmashauri ya Westminster ililazimika kuingia na msako na kukamata bidhaa bandia.

Kwa hiyo kwenye orodha ya aina za biashara ya MpimaFremu, ongeza safu mbili: mkataba wa muda gani, na bango la mbele ni la kudumu au la kitambaa? Mtaa wenye mabango ya kitambaa robo nzima ni mtaa mtupu uliovalishwa nguo. Halafu mambo hugeuka: Mei 2025 IKEA, wauza fanicha, ilifungua kwenye jengo lililokuwa la duka la nguo la Topshop mtaani hapohapo. Kituo cha Bond Street cha reli ya Elizabeth kilikuwa kimefunguliwa Oktoba 2022, na usafiri wa aina hiyo ndio unaomshawishi mpangaji mkubwa.

Dirisha Kubwa · #10

Tuseme basi na la kufunga mtaa kwa magari, maana kila halmashauri ikiona mauzo yameshuka inakimbilia hapo.

Karani_wa_Kona · #11

Linafaa mahali, linaua mahali. Copenhagen waliifunga njia ya Strøget mwaka 1962, ikafanikiwa. Kalamazoo, Michigan, walifunga mwaka 1959 kwa mpango wa Victor Gruen, mbunifu yuleyule aliyejenga Southdale, jengo la kwanza la maduka lililofungwa na kupoozwa hewa kule Marekani, mwaka 1956. Kalamazoo iliishia kurudisha magari kwenye sehemu ya mtaa miaka ya tisini. Chicago waliifunga State Street mwaka 1979 wakaacha mabasi tu, wakaifungua tena 1996.

Tofauti iko wapi? Strøget ni njia nyembamba na watu wengi walikuwa tayari wanaishi au wanafika kwa miguu na baiskeli. State Street ni pana. Njia za miguu zilipanuliwa mno, watu walewale wakaonekana wachache, mabasi yanapita katikati na moshi wake. Mtaa ulioonekana mtupu mchana ukawa wa kutisha usiku.

Kanuni ya kazi: kama chini ya nusu ya wateja wako wanafika kwa miguu au usafiri wa umma, usifunge. Punguza njia za magari kwanza. Ukifunga, weka saa za kushusha mzigo, mfano kabla ya saa nne asubuhi, acha njia wazi ya mita 3.5 hadi 4 kwa gari la zimamoto, na usisogeze kituo cha basi zaidi ya mita 250. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, halafu wanashangaa mifuko mizito imehama.

Fundi Vizimba · #12

Hamjagusa kugawa fremu kubwa kuwa vizimba. Hii ndiyo inayobadilisha mitaa mingi kwa kasi kuliko tozo na mikopo.

Sakafu ya mita za mraba 120 ukiigawa, asilimia 40 hadi 45 inaliwa na njia za kupita. Zinabaki kama 66 hadi 72, yaani vizimba 16 hadi 18 vya mita 4. Kila kizimba kinalipa kwa mita mara mbili au tatu ya mpangaji mmoja, kwa hiyo mwenye jengo anapata zaidi hata baada ya njia. Na mtaa unapata wauzaji wapya wenye mtaji mdogo, jambo ambalo napenda kuliko maduka ya mnyororo yanayofanana kila jiji.

Ila yanayoharibika ni haya. Umeme: fremu ilikuwa na waya wa mpangaji mmoja, sasa kuna watu 18 wenye taa kali, feni na chaja. Taa za wati 100 mara 6 kwa kizimba ni kilowati 10.8 kabla ya feni. Kebo inapata moto kwenye maungio, si katikati. Kila kizimba kiwe na swichi yake ya kukata umeme na mita yake. Njia ya kupita isipungue mita 1.5, na milango ya kutokea iwe miwili pande tofauti. Mzigo uliorundikwa mbele ya mlango wa nyuma ni sawa na kukosa mlango. Vizimba vikiuza kitu kimoja vyote, bei inashuka hadi wa mwisho anauza kwa mtaji. Hapo wanaanza kuondoka kimyakimya, mmoja mmoja, kwa kuwa kizimba hakina mkataba wa kumshika mtu.

MpimaFremu · #13

Vizimba vinafaa kwenye sakafu ndogo. Jengo la duka kuu la ghorofa nne ni kazi nyingine. Woolworths ya Uingereza ilipofunga maduka yake 807 hadi Januari 2009, mengi yalikuwa ya ukubwa wa kati na wauzaji wa bei nafuu wakayachukua. Maduka makuu ya BHS yalipofunga 2016 na ya Debenhams 2021 ilikuwa ngumu zaidi. Sakafu zina kina kirefu bila madirisha, ngazi za umeme ziko katikati, mita ya umeme ni moja kwa jengo zima. Kuyafanya ofisi au makazi lazima ukate shimo la mwanga katikati, ubebe nguzo upya, ugawe mifumo ya maji na hewa. Kinachowezekana kwa gharama ndogo ni kugawa ghorofa ya chini kuwa fremu 4 hadi 6 zenye milango ya barabarani, na juu kuweka kitu kisichohitaji dirisha: jimu, sinema, stoo za kukodi.

Mwaka mzima wa jengo kama hilo kukaa na mbao mbele unatosha kubadilisha njia wanayopita watu, na wakishazoea njia nyingine hawarudi kwa bango la "tumefungua".

mpita_njia · #14

Basi mtu akiwa anasaini leo kwenye mtaa wa namna hiyo, aweke vipengele gani?

HatiNaMita · #15

Vinne. Kwanza, duka kuu, lile linalovuta watu mtaani: litajwe kwa jina kwenye mkataba kwamba likifunga zaidi ya siku 90, kodi yako inageuka kuwa asilimia ya mauzo hadi litakapopata mpangaji mwingine wa angalau theluthi mbili ya eneo lile. Usikubali maneno "mpangaji wa hadhi inayofanana" bila mita.

Pili, mapitio ya kodi. Kataa kipengele cha kupanda tu, kinachozuia kodi kushuka. Ireland imekipiga marufuku kwenye mikataba mipya tangu tarehe 28 Februari 2010, kwa hiyo si ombi la ajabu.

Tatu, ukilipa kwa asilimia ya mauzo, fafanua "mauzo". Aliyeagiza mtandaoni akachukua dukani anahesabiwa? Aliyerudisha dukani bidhaa ya mtandaoni anakatwa kwenye mauzo ya duka hilo? Ukiacha wazi, duka lako litabeba marejesho ya kampuni nzima au mwenye jengo atadai asilimia ya mauzo yasiyopita mlangoni kwake. Mizozo mingi ya siku hizi iko hapo.

Nne, ujenzi mbele ya mlango. Njia ya miguu ikipungua chini ya mita 2 kwa zaidi ya siku 30, kodi inapungua kwa kiasi kilichoandikwa, si "kwa makubaliano".

mpita_njia · #16

Na akikataa vyote vinne?

HatiNaMita · #17

Chukua miezi 12 yenye haki ya kuongeza mara mbili, kodi za miaka hiyo ziwe zimeandikwa tayari. Umaliziaji uwe wa kung'oleka: shelfu za kusimama, taa za reli, sakafu ya kupachika juu ya iliyopo. Gharama yake igawe kwa miezi 12, si kwa miaka unayotumaini kukaa, ujumlishe kwenye kodi, halafu urudi kwenye risiti 168 za Karani uone kama inatosha.